Laini ya Direct Connect imekufa au inasuasua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi wa mtandao ambao vituo vyao vya data vimeunganishwa na wingu la AWS (huduma za kompyuta za Amazon) kwa laini ya Direct Connect, hasa sisi wa Afrika Mashariki tunaofika huko kupitia mshirika, yaani kampuni ya mawasiliano inayotuuzia laini ya kufika AWS. Majibu yanapanda ngazi: mwanga kwanza, kisha VLAN (mtandao pepe unaotenganishwa kwa namba ndani ya waya mmoja), kisha BGP (mazungumzo ambamo ruta mbili huambiana njia), kisha njia, halafu kasi. Tafadhali usiruke ngazi. Hospitali au benki ikiwa imesimama, kila dakika unayotumia kukagua faiawoli wakati uzi wa faiba umechomoka ni dakika ya mgonjwa au mteja anayesubiri.

## Mambo ya msingi

1. Direct Connect ni nini, na inatofautianaje na VPN?

Ni laini binafsi kati ya ruta yako na ruta ya AWS. Ruta hizo mbili hukutana ndani ya kituo cha data ambamo AWS imeweka vifaa vyake, kwa mfano Teraco kule Johannesburg na Cape Town. VPN ni handaki lililosimbwa linalopita kwenye intaneti ya umma, hivyo kasi yake hutegemea hali ya intaneti siku hiyo. Direct Connect haipiti huko. Lakini nayo haisimbi data yenyewe (swali la 21).

Kuna aina mbili. Ya kwanza, poti nzima ni yako: 1, 10, 100 au 400 Gbps. Ya pili, poti ni ya mshirika, naye anakukatia kipande kuanzia 50 Mbps. Wengi wetu tuna hii ya pili, na ni muhimu ujue uko upande gani kabla ya tatizo kutokea, kwa sababu ndiyo inayoamua nani apigiwe simu.

2. Laini imekufa. Nianze na nini?

Angalia hali tatu kwenye konsoli (ukurasa wa AWS wa kusimamia huduma), kwa mpangilio huu: hali ya muunganisho, hali ya kiolesura pepe (VIF, njia ya kimantiki inayopita juu ya muunganisho), na hali ya BGP. Muunganisho ukiwa `down`, nenda swali la 5. Muunganisho ukiwa `available` lakini BGP iko chini, nenda la 8 kisha la 10. Vyote vikiwa juu na bado programu hazifanyi kazi, anzia la 14.

Kabla hujagusa kitu, fungua AWS Health Dashboard uone kama kuna matengenezo yaliyotangazwa kwenye kifaa chako. Taarifa hizo hutumwa pia kwa barua pepe ya akaunti, ambayo mara nyingi ni ya mtu wa fedha au ya aliyeacha kazi. Rekebisha hilo leo.

3. Nani anamiliki kipande gani cha laini?

Kutoka ofisini kwenda mbele: mtandao wa ndani na ruta ni vyako. Laini ya kutoka jengo lako hadi kituo cha data ni ya mtoa huduma au mshirika. Uzi unaounganisha kabati la mshirika na la AWS ndani ya kituo, ambao mafundi wanauita kroskonekti, huvutwa na wafanyakazi wa kituo chenyewe. AWS wanamiliki kuanzia poti yao kwenda mbele. AWS hawavuti kroskonekti, wala hawawezi kumtuma fundi akaitazame. Chora mnyororo huu kwenye karatasi moja, andika namba ya huduma na namba ya simu kwa kila kipande, na uibandike mahali ambapo fundi wa zamu ya usiku ataiona.

## Waya na mwanga

4. Kituo kimekataa barua ya LOA. Kwa nini?

Barua hiyo ndiyo idhini ya AWS kwa kituo kuunganisha uzi kwenye poti uliyopewa. Baada ya kuomba muunganisho inaweza kuchukua hadi saa 72 kupatikana, na idhini yake huisha baada ya siku 90. Kwa hiyo angalia tarehe kwanza. Kisha hakikisha jina la kampuni kwenye barua ni lile lile kituo kinalolijua kama mteja, na kwamba umetoa namba ya kabati na poti za upande wako. Ukichelewa sana, ujue pia kwamba malipo ya poti huanza siku 90 baada ya kuagiza hata kama bado haijaunganishwa.

5. Poti haiwaki kabisa. Nikague nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake karibu kila mara liko kwenye vitu unavyoweza kuvishika kwa mkono.

Hakikisha kwanza kroskonekti imekamilika kweli, si kwamba imeagizwa tu. Omba uthibitisho wa maandishi kutoka kituoni pamoja na picha. Kisha angalia kama poti ya ruta yako imewashwa kwenye usanidi. Poti mpya hukaa zimezimwa kwenye ruta nyingi.

Angalia aina ya SFP, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye poti ili kutuma na kupokea mwanga. AWS wanatumia faiba ya modi moja: 1000BASE-LX kwa 1 Gbps, 10GBASE-LR kwa 10 Gbps, zote za mawimbi ya nanomita 1310, na LR4 kwa 100 na 400. SFP ya SX, ile ya faiba ya modi nyingi inayotumika kati ya sakafu za jengo, inaingia vizuri kwenye tundu lile lile na haitafanya kazi. Soma lebo, usiamini rangi ya waya.

Halafu mapatano ya kasi. Poti ya zaidi ya 1 Gbps lazima mapatano ya kasi ya kiotomatiki yazimwe, kasi iwekwe kwa mkono na iwe ya pande mbili kamili. Poti ya 1 Gbps inategemea kifaa cha AWS kilichopo pale: mahali pengine yanatakiwa kuwashwa, pengine kuzimwa. Jaribu hali zote mbili kabla ya kumlaumu mtu.

Mwisho, geuza nyuzi. Uzi wa kutuma na wa kupokea ukibadilishana kwenye paneli, pande zote mbili hutuma na hakuna anayepokea. Mwambie fundi wa kituo ageuze jozi upande mmoja tu. Akigeuza pande zote mbili umerudi pale pale ulipoanza.

6. Mwanga wa kiasi gani unatosha?

Kwa poti za 1 na 10 Gbps, mwanga unaopokelewa unatakiwa uwe kati ya -14.4 na 2.50 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga). Kwa upande wako unausoma kwenye ruta. Kwa upande wa AWS unausoma kwenye CloudWatch (huduma yao ya vipimo), kipimo `ConnectionLightLevelRx` kwa unaowafikia na `ConnectionLightLevelTx` kwa wanaotuma.

Linganisha vyote vinne. Kama AWS wanatuma vizuri na wewe unasoma -40, uzi umekatika au umechomekwa pasipo pake. Kama unasoma -13, laini itawaka lakini uko ukingoni, na kila dBm 3 zinazoshuka ni nusu ya mwanga iliyopotea. Sababu ya kawaida ni uchafu kwenye ncha ya kiunganishi. Vumbi la ukubwa usioonekana kwa macho linatosha. Mwombe fundi asafishe ncha zote kwa kalamu ya kusafishia faiba, apime upya, na akupe matokeo ya kutuma na kupokea kwa maandishi.

7. Poti inawaka na kuzima, au makosa yanaongezeka taratibu.

Tazama `ConnectionErrorCount` kwenye CloudWatch na makosa ya CRC (pakiti zilizoharibika njiani) kwenye ruta yako. Namba ikipanda upande mmoja tu, tatizo liko kwenye uzi unaoleta mwanga upande huo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza SFP, kisha waya mfupi wa kabatini, kisha kroskonekti. Ukibadilisha vyote kwa pamoja laini itapona, lakini hutajua ugonjwa ulikuwa nini, na SFP mbovu itarudi stoo kusubiri usiku mwingine.

## VLAN na ARP

8. Poti imewaka, lakini anwani ya AWS haijibu ping.

Hapa uko ngazi ya pili. Anwani ya IP lazima iwe kwenye kiolesura kidogo chenye namba ya VLAN uliyopewa, si kwenye poti yenyewe. Kosa hili ni rahisi kulifanya kwa sababu ruta haikulalamikii.

Kisha angalia jedwali la ARP, linalooanisha anwani za IP na anwani za MAC za vifaa vyenyewe. Ukiona anwani ya MAC ya AWS, ngazi ya pili ni nzima na unaweza kwenda BGP. Usipoiona, kuna swichi njiani isiyoruhusu VLAN yako. Direct Connect inahitaji lebo za 802.1Q (lebo za VLAN) zipite kila kifaa kilichoko katikati, na inatosha swichi moja ya mshirika iliyosahauliwa. Futa ARP, jaribu tena, kisha linganisha anwani na kinyago chake na zile zilizoko kwenye konsoli, tarakimu kwa tarakimu.

9. Mshirika anasema kwake kila kitu ni kijani, AWS nao wanasema ni kijani. Nifanyeje?

Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Kwenye laini ya mshirika, poti inayoonekana kwa AWS ni ile kati ya mshirika na AWS ndani ya kituo. Hiyo inaweza kuwaka vizuri huku kipande cha kutoka Dar es Salaam au Kampala hadi pale kimekufa. Kinachoonyesha afya ya safari nzima ni BGP, kwa sababu yenyewe inaanzia kwenye ruta yako.

Mwulize mshirika swali moja mahususi: je, anwani ya MAC ya ruta yangu inaonekana kwenye swichi yako ya mwisho, ile inayogusana na AWS, kwenye VLAN hii? Jibu la ndiyo au hapana linakata tatizo vipande viwili. Swali la "mbona laini haifanyi kazi" litakurudishia jibu la "kwetu iko sawa".

Kama laini ni mpya, angalia pia kama uliikubali kwenye konsoli yako. Muunganisho kutoka kwa mshirika hukaa kwenye `ordering` mpaka mwenye akaunti abonyeze kuukubali.

## BGP

10. BGP imekwama kwenye `Idle` au `Active`.

Ping kwenda anwani ya AWS ikipita, basi tatizo liko kwenye mazungumzo ya ruta zenyewe. Kagua namba ya ASN (inayoutambulisha mtandao kwenye BGP) yako na ya AWS. ASN ya AWS kwa lango pepe binafsi (mlango wa mtandao wako ulio kwenye wingu) mara nyingi ni 64512, lakini mtu aliweza kuchagua nyingine wakati wa kuunda, kwa hiyo isome kwenye konsoli badala ya kukisia. Kagua nenosiri la MD5: nafasi tupu mwishoni, iliyonakiliwa pamoja na maneno kutoka kwenye barua pepe, inatosha kuua kikao, na kwenye skrini haionekani. Kisha hakikisha hakuna orodha ya ulinzi wala faiawoli inayozuia TCP poti 179 upande wowote.

Ping isipopita, rudi la 8. Hakuna usanidi wa BGP utakaokuokoa.

11. BGP ilikuwa juu kwa miezi, imeshuka ghafla na hakuna aliyegusa kitu.

Hesabu prefiksi (vikundi vya anwani za IP) unazotangaza. Kwenye VIF binafsi au ya transiti (zinazokwenda kwenye mitandao yako ya ndani ya wingu), AWS wanapokea prefiksi 100 tu kutoka kwako. Kwenye VIF ya umma (inayokwenda kwenye huduma za AWS zenye anwani za umma), 1,000. Ukivuka, kikao chote kinashushwa. Hakiachi ile ya 101 peke yake. Zote zinaanguka nayo.

Hutokea hivi: tawi jipya limefunguliwa, mtu wa tawi akaongeza mitandao yake midogo ya /24, ikasambaa yenyewe hadi kwenye ruta ya Direct Connect, na mfumo mzima ukaanguka. Aliyegusa yupo, ila hajui kwamba aligusa. Dawa ni kufupisha: tangaza 10.20.0.0/16 moja badala ya vipande vyake vyote, na weka kichujio kwenye ruta ili hata mtu akikosea, prefiksi zisizotakiwa ziishie hapo. Weka pia tahadhari ukifika 80.

12. VIF ya umma imekwama kwenye `verifying`.

AWS wanathibitisha kwamba anwani unazotaka kutangaza ni zako, na inaweza kuchukua hadi saa 72. Rekodi za AFRINIC (msajili wa anwani za IP wa Afrika) zikiwa na jina la mtoa huduma wako badala ya kampuni yako, watataka barua ya ruhusa kutoka kwake. Iandae mapema.

13. Laini ikifa, kwa nini inachukua dakika moja na nusu trafiki kuhamia laini ya akiba?

Kwa sababu BGP inasubiri sekunde 90 bila kusikia upande wa pili ndipo ikate tamaa. Uzi ukikatika kwenye poti yako utajua mara moja, lakini ukikatika katikati ya mshirika poti yako inabaki inawaka na ruta inaendelea kumwaga pakiti shimoni.

Washa BFD, itifaki ya kugundua haraka laini iliyokufa, kwenye ruta yako. Upande wa AWS tayari imewashwa. Inasubiri wewe tu. Kiwango chao ni milisekunde 300 mara tatu, yaani laini iliyokufa inagunduliwa chini ya sekunde moja. Usiiwashe pamoja na kipengele cha BGP cha kuanza upya taratibu, maana hicho huishikilia njia iliyokufa wakati BFD inataka kuiachia.

## Njia na majina

14. BGP iko juu, lakini seva kwenye wingu hazifikiki.

Fuata pakiti kwenda, kisha uifuate kurudi. Watu wengi wanafuata ya kwenda tu.

Kwenda: je, ruta yako imepokea prefiksi za VPC (mtandao wako binafsi ndani ya wingu)? Kama hapana, angalia orodha ya prefiksi zilizoruhusiwa kwenye lango la Direct Connect. Orodha hiyo ina tabia mbili tofauti. Ukiwa na lango pepe binafsi, ni kichujio: prefiksi ya VPC itapita kama iko kwenye orodha au imo ndani ya kubwa zaidi. Ukiwa na Transit Gateway (lango linalounganisha VPC nyingi), AWS wanatangaza kile kile ulichoandika, hata kama VPC yenyewe haimo. Aliyehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kujua hili hukutana na njia zisizoeleweka.

Kurudi: je, jedwali la njia la mtandao mdogo ambamo seva imo lina njia ya kurudi kwako? Usambazaji wa njia huwashwa kwa kila jedwali, na jedwali jipya huja likiwa limezimwa. Kisha kagua kundi la usalama na orodha ya ulinzi ya mtandao mdogo. Kumbuka orodha hiyo haikumbuki mazungumzo, kwa hiyo poti za majibu lazima ziruhusiwe waziwazi.

Na ikiwa seva zote zinajibu isipokuwa zile zenye Docker (programu ya kuendesha kontena), tazama kama mtandao wa ofisi yako unatumia 172.17.0.0/16. Docker huitumia anwani hiyo kwa chaguo-msingi, na seva itajibu ndani kwa ndani badala ya kukurudishia.

15. Ping inapita, lakini majina ya ndani hayapatikani, na S3 (hifadhi ya mafaili ya AWS) haipatikani.

Kisuluhishi cha majina cha VPC, kile chenye anwani ya pili baada ya mwanzo wa mtandao, hakijibu maswali yanayotoka nje ya VPC. Unahitaji mlango wa kuingilia wa Route 53 Resolver (huduma ya majina, yaani DNS, ya AWS), kisha DNS ya ofisi ielekeze maswali huko.

Kwa S3, mlango wa bure wa aina ya geitiwei uko kwa ajili ya vitu vilivyomo ndani ya VPC tu. Kutoka ofisini kupitia VIF binafsi tumia mlango wa aina ya kiolesura wenye anwani yake ya IP, au VIF ya umma.

16. Nina Direct Connect na VPN ya akiba. Kwa nini trafiki inapita VPN?

Prefiksi ndefu (iliyo mahususi zaidi) hushinda kila kitu. Ukitangaza 10.20.0.0/16 kwenye Direct Connect na 10.20.5.0/24 kwenye VPN, AWS watapeleka ile /24 kwenye VPN hata kama Direct Connect ni nzima. Tangaza prefiksi zile zile pande zote mbili. Zikilingana, lango pepe binafsi hupendelea Direct Connect lenyewe.

Hiyo ni trafiki ya kuja kwako. Ya kutoka kwako inaamuliwa na ruta yako, kwa hiyo pandisha upendeleo wa ndani wa njia za Direct Connect. Ukiacha upande mmoja, pakiti zinakwenda njia hii na kurudi nyingine, na faiawoli inayokumbuka mazungumzo itazitupa za kurudi kwa sababu haikuona za kwenda.

17. Nimerefusha AS_PATH (orodha ya mitandao ambayo njia inapitia) kwenye laini ya akiba, AWS bado wanaitumia.

AWS huangalia upendeleo wa ndani kabla ya AS_PATH, na kwa kawaida laini iliyofungwa kwenye eneo lile lile la VPC hupewa upendeleo. Kama laini yako kuu na ya akiba ziko kwenye maeneo tofauti, kurefusha AS_PATH hakufikiwi hata kuhesabiwa. Tumia jumuiya za BGP (lebo zinazobandikwa kwenye prefiksi): bandika 7224:7300 kwenye prefiksi za laini kuu na 7224:7100 kwenye za akiba. Ya kati ni 7224:7200. Hizi ni kwa VIF binafsi na za transiti.

## Kasi na ucheleweshaji

18. Nimelipia 1 Gbps, napata 9 Mbps tu. Nimeibiwa?

Pengine hapana. Muunganisho mmoja wa TCP hauwezi kupeleka zaidi ya dirisha lake kwa kila safari ya kwenda na kurudi. Dirisha la kilobaiti 64 kwenye laini ya milisekunde 60 linatoa 8.7 Mbps, hata laini iwe pana kiasi gani. Ili kujaza 1 Gbps kwa ucheleweshaji huo unahitaji dirisha la megabaiti 7.5.

Pima kwa `iperf3` (programu ya kupima kasi), kwanza muunganisho mmoja, kisha kwa `-P 10`. Ukiona kumi wanaleta karibu mara kumi ya mmoja, laini ni nzima na tatizo ni dirisha: washa upanuzi wa dirisha kwenye seva, angalia kama faiawoli haiufuti njiani, au tumia programu ya kunakili inayofungua miunganisho mingi. Ukiona kumi wanaishia pale pale kwa mmoja, hapo ndipo pa kumwuliza mshirika umekatiwa kasi gani. Kwenye laini ya mshirika, AWS hutupa pakiti zinazozidi kasi uliyonunua, haziwekwi foleni. Ni vizuri ruta yako ipunguze kasi yenyewe kabla hazijafika huko.

19. Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakwama.

Dalili yake haifichiki: SSH inaunganika, ukiandika amri yenye jibu refu skrini inaganda. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja. Jaribu kutoka Linux:

`ping -M do -s 1472 anwani-ya-seva`

Ikipita, njia inabeba baiti 1500. VIF binafsi inaweza kubeba hadi 9001 na ya transiti 8500, lakini ni lazima kila kifaa njiani kiwe kimewekwa hivyo, vya mshirika vikiwemo. Mara nyingi wingu limewekwa 9001, ofisi 1500, na faiawoli fulani inatupa ujumbe wa ICMP unaosema "pakiti yako ni kubwa mno". Ruhusu ujumbe huo. Na usibadilishe MTU ya VIF mchana: ikiwa muunganisho haukuwa tayari kwa fremu kubwa, VIF zote zilizoko juu yake zinaweza kukatika kwa hadi sekunde 30.

20. Milisekunde zimepanda ghafla mara kadhaa, na BGP haikushuka.

Mshirika amehamisha laini yako kwenye njia ndefu, na kwetu sababu mara nyingi iko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, kwenye njia ya kwenda Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Februari mwaka huo huo SEACOM, EIG na AAE-1 zilikatika katika Bahari ya Shamu. Trafiki ya kwenda kusini inapolazimika kuzungukia kaskazini, hakuna usanidi wako utakaoifupisha.

Unachoweza kufanya ni kujua namba ya kawaida. Mwanga ndani ya faiba huchukua takriban milisekunde 10 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 1,000. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo chini ya 29 haiwezekani, na njia halisi siku zote ni ndefu kuliko mstari. Hifadhi vipimo vya kila siku vya laini yako ikiwa nzima. Namba ikiruka, utakuwa na kitu cha kumwonyesha mshirika.

Tahadhari moja: `mtr` (programu inayopima kila ruta njiani) ikionyesha pakiti zinapotea kwenye ruta ya katikati lakini hazipotei kwenye seva ya mwisho, hakuna tatizo. Ruta hiyo inapunguza tu majibu yake ya ICMP.

## Hali za pembeni

21. Data yetu imesimbwa?

Si kwa Direct Connect yenyewe. MACsec, usimbaji wa kwenye waya wenyewe, ipo kwa poti nzima za 10, 100 na 400 Gbps kwenye baadhi ya vituo, na inalinda kipande kati ya kifaa chako na cha AWS. Laini ya mshirika haina hiyo. Weka VPN ya IPsec juu ya laini, au TLS kwenye kila programu.

22. Tunalipia laini mbili. Kwa nini zote zilikufa siku moja?

Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu fedha ilitumika na usalama haukupatikana. Kampuni mbili tofauti zinaweza kukodi nyuzi ndani ya mkongo mmoja, kupita bomba moja la barabarani, na kuishia kwenye kifaa kimoja cha AWS. Mkataba haukuambii hayo. Mwulize kila mshirika kwa maandishi: laini inapita mkongo gani wa baharini au nchi kavu, inaingia kituo gani, na kwenye kifaa gani cha AWS. Kifaa cha AWS unakiona mwenyewe kwenye maelezo ya muunganisho. Namba zikifanana, una laini moja unayoilipia mara mbili. Anayetoka Mombasa anaweza kuchanganya EASSy ya kusini na TEAMS, inayokwenda Fujairah, ili bahari moja isimkate pande zote.

Pendekezo la juu kabisa la AWS ni vituo viwili tofauti na vifaa viwili kwa kila kituo. Wengi hatuwezi kugharamia hilo. Basi angalau kituo cha pili, au VPN juu ya mtoa intaneti mwingine, na uijaribu. Konsoli ina jaribio linaloshusha BGP ya VIF unayoichagua kwa muda unaoupanga. Lifanye usiku wa Jumamosi ukiwa macho, kila robo mwaka. Laini ya akiba ambayo haijawahi kubeba trafiki usiihesabu.

23. Niandike nini kwenye tiketi ili nihudumiwe haraka?

Namba ya muunganisho (inaanza na `dxcon`) na ya VIF (`dxvif`). Saa tatizo lilipoanza, kwa UTC, maana saa tatu ya kwetu na saa tatu ya aliyeko Dublin ni vitu viwili. Vipimo vya mwanga vya pande zote. Matokeo ya ARP, hali ya BGP, na kumbukumbu za ruta za dakika tano kabla na baada. `mtr` ya kwenda, na ya kurudi kutoka seva ya wingu. Mwisho, sentensi moja inayosema ni ngazi ipi ya mwisho uliyoithibitisha kuwa nzima. Mhandisi wa upande wa pili ataanzia hapo.

24. Tulishaachana na laini ya zamani. Mbona ankara inaendelea kuja?

Kuchomoa uzi hakusimamishi malipo. AWS hutoza saa za poti mpaka ufute muunganisho wenyewe kwenye konsoli, na hutaweza kuufuta kabla hujafuta VIF zote zilizoko juu yake. Ukimaliza hapo, iandikie kituo cha data kusitisha kroskonekti, maana hiyo ni ankara nyingine kabisa isiyojua AWS wamefanya nini. Mwisho mwandikie mshirika, ukitaja namba ya huduma na tarehe, na umwombe akujibu kwa maandishi.